Bunduki ya Duka la Nyeri

Kwa miaka sita nilimfanyia kazi fundi wa bunduki, mzee Singasinga aliyezaliwa Nyeri, katika karakana ndogo nyuma ya maduka ya Thornton Heath, huku Uingereza. Watu wa kanisani walidhani nawatania nikiwaambia. Tulijuana hospitalini, nilipokuwa bado nasukuma vitanda vya wagonjwa. Alikuwa amevunjika nyonga. Nikimpeleka eksirei alinisikia nikiongea na muuguzi mmoja wa kwetu, akageuza kichwa akaniuliza kwa Kiswahili ninatoka upande gani. Nilipomtajia, akanitajia mto unaopita chini ya kijiji chetu na daraja la mbao ambalo mimi sikulikuta. Miezi mitatu baadaye akanipigia simu. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, akahitaji mtu wa kumshikia vitu. Polisi walinichunguza muda mrefu kabla ya kuniruhusu. Mke wangu hakuipenda kazi ile hata siku moja. Nguo zangu za kazi nilizivulia mlangoni.

Wateja wetu wengi walikuwa wafiwa. Hapa Uingereza mtu akifa, leseni yake ya bunduki inakufa naye, na familia inabaki na kitu kabatini ambacho hairuhusiwi kukaa nacho. Polisi huwaambia watafute mfanyabiashara mwenye kibali. Basi tuliitwa, tukaingia nyumba ambazo bado zinanuka dawa, tukaonyeshwa kabati, na mtu fulani wa familia akasimama nyuma yetu akingoja kuambiwa kwamba babu aliacha mali.

Mara nyingi hakuwa ameacha mali. Alikuwa ameacha bunduki ya duka. Ndivyo mzee alivyoziita. Zamani, muuza misumari na majembe wa mji wowote aliweza kuagiza bunduki za mitutu miwili kutoka Birmingham au Ubelgiji, zile za kupiga marisau, vile vipunje vya risasi, akaomba jina la duka lake lichorwe kwenye ule utepe wa chuma unaounganisha mitutu. Muuzaji mwenyewe hakuwahi kutengeneza hata skrubu yake. Miaka sabini baadaye wajukuu wanaliona lile jina limechorwa kwa herufi za madaha, wanadhani ni la fundi mkuu.

“Jina la juu ni la aliyeuza,” mzee alinifundisha wiki ya kwanza. “Ukitaka kujua imezaliwa wapi, igeuze.”

Aliitenganisha mitutu na kitako, akaigeuza, na huko chini, mahali ambapo mwenye bunduki haangalii, kulikuwa na mihuri midogo kama punje za mtama. Mihuri hiyo ilimwambia ilijaribiwa mji gani, kwa baruti ya aina gani, na tundu la mtutu lilikuwa na upana gani siku ile. Kisha alipima tundu upya. Likiwa limepanuka, maana yake kuna mtu aliyekwangua kutu kwa ndani hadi kuta zikawa nyembamba, na bunduki hiyo inaweza kumpasukia mtu usoni. Mwisho aliining'iniza mitutu kwenye kidole akaigonga kwa kifundo cha kidole cha mkono mwingine. Ikiwa mizima ililia kwa muda mrefu. Ikiwa imeachana ndani, ilitoa mlio wa sufuria yenye ufa. Baada ya hapo alitaja bei, ambayo kwa kawaida haikuzidi ya jozi ya viatu vizuri, nami nikaangalia sakafu, maana sikupenda kuona nyuso zao.

Kuhusu kwao alinisimulia mara nyingi. Baba yake alikuwa na duka Nyeri mjini: chumvi, blanketi, taa za mafuta, ndoano za kuvulia samaki wa mito ya baridi. Na bunduki mbili tatu kwa mwaka, alisema, kwa ajili ya kanga na chui. Nilimwamini. Sikuwa na sababu ya kutomwamini.

Siku moja ya mvua tuliitwa nyumba moja kusini mwa Croydon. Mwenye nyumba alikuwa mwanamke Mzungu wa miaka sabini na kitu. Baba yake alikuwa amefariki ghorofani akiwa na miaka tisini na saba. Mimi na mzee tulikuwa tukisemezana ukumbini kuhusu mahali pa kuweka miavuli, yule mama akasimama ghafla.

“Jambo,” akasema. “Habari yenu.”

Alizaliwa Kenya, akalelewa kwenye shamba la kahawa hadi akawa na miaka kumi na mitatu. Kwa Kiingereza akatuambia, kwa haya kidogo, kwamba Kiswahili alichobaki nacho ni cha kuagiza tu: lete, weka, funga, ondoka. Hakukumbuka neno lolote la kumuuliza mtu kitu.

Bunduki ilikuwa ndani ya kasha la ngozi. Mzee alitandika blanketi juu ya meza ya kulia chakula, akaitoa, akaiunga, akaiinamia. Niliona akivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Nilisogea. Juu ya utepe, kwa herufi za madaha, kulikuwa na jina la ukoo wake, na baada yake neno moja: Nyeri.

Alifanya kazi yake kama siku nyingine zote. Aliitenganisha, akaigeuza, akanisomea mihuri niandike: Ubelgiji kwanza, Birmingham baadaye. Akapima. Mtutu wa kulia ulikuwa na vishimo vya kutu kuanzia katikati hadi mdomoni. Akaining'iniza akagonga, na mlio ukafa pale pale. Kisha akachukua kioo cha kukuzia akaangalia chuma kilicho chini ya kifyatulio. Kulikuwa na namba ya tarakimu nne, haikuwa ya kiwandani, ilikuwa imegongwa kwa nyundo, tarakimu moja moja. Ya mwisho ilikuwa saba, nayo ilikuwa imelalia kushoto. Mzee akaipitisha kidole gumba. Akaipitisha tena. Kisha akavuta kiti akaketi.

Yule mama alikuwa amekwenda kutafuta karatasi. Alirudi na risiti ya duka, imekunjwa mara nne, na picha moja. Katika picha baba yake ni kijana mwenye kaptula, amesimama na bunduki ile ile imelala kwenye mkono wake kama mtoto mchanga. Kushoto kwake askari wawili Waafrika. Nyuma yake, chini, kwenye nyasi, watu wameketi kwa safu, mikono kichwani, nyuso zimeinama. Niliwahesabu. Walikuwa kumi na tisa. Nyuma ya picha kulikuwa na jina la kituo cha polisi, kwa wino wa buluu.

Kituo hicho kilikuwa ng'ambo ya mto kutoka kwa kina mama yangu. Babu yangu, baba wa mama, alichukuliwa asubuhi moja ya miaka ile ya hali ya hatari, wakoloni wakipigana na wapiganaji wa msituni, akiwa anakamua ng'ombe. Walimvusha ule mto na hakurudi. Hakuna aliyewahi kutuambia alizikwa wapi. Nyumbani kwetu jambo hilo halikusimuliwa kama hadithi. Lilitajwa tu pale mtu alipouliza kwa nini bibi hakupenda maziwa.

Nilimwomba yule mama ruhusa ya kuipiga picha ile picha kwa simu. Alikubali. Baadaye aliichukua akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama muda mrefu. Nadhani maisha yake yote alikuwa akimwona baba yake tu.

“Baba yangu mzuri sana,” alisema kwa kile Kiswahili chake, bila kututazama. Kisha akaongeza kwa Kiingereza kwamba baba huyo hakuweza kulala chumba kikiwa kimefungwa mlango, hata wakati wa baridi kali, na kwamba mama yake alikuwa akilala na makoti.

Akauliza thamani. Mzee alimweleza ukweli. Bunduki yenyewe haifai kupigwa tena, na peke yake bei yake ni ndogo. Lakini wapo watu wanaokusanya vitu vya koloni. Ikiuzwa pamoja na risiti na picha, itapata mara nyingi zaidi ya hapo. Yule mama akanigeukia, akaniuliza mimi ninaonaje. Sikuwa nimezoea kuulizwa. Nikamwambia kwamba hao walioketi chini wana watu wao, na huenda watu wao wangependa hiyo picha. Alitikisa kichwa polepole, akasema atafikiri.

Kwa sheria ilibidi tuondoke na bunduki. Niliiweka garini, nikaendesha. Tulikwama kwenye msongamano karibu na lile jengo la uhamiaji ambako mimi mwenyewe niliwahi kupanga foleni miaka mitatu, mvua ikigonga paa, na hapo ndipo niliposhindwa kunyamaza.

“Ungemwambia haina kitu,” nikasema. “Picha angetupatia bure.”

“Ningemdanganya mfiwa.”

“Mangapi ya duka lenu hamkusema, mzee? Uongo huo mmoja ndio ungekuua?”

Taa za barabarani zikabadilika, tukasogea kidogo. Kisha akaanza kueleza, akitazama mbele, kwa kile Kiswahili chake cha dukani. Kabla ya vita ile walikuwa wakiuza bunduki mbili tatu kwa mwaka, kweli. Vita ilipoanza zikaja kwa masanduku. Kila mlowezi alitaka moja, na serikali ikanunua nyingine za kuwapa askari wa vijiji. Amri ikatoka kwamba kila bunduki inayotoka dukani igongwe namba na iandikwe kwenye rejista. Baba yake hakuwa na macho mazuri. Kazi hiyo ilikuwa yake yeye, akiwa na miaka kumi na saba.

“Chuma changu cha kugongea saba kilikuwa kimepinda,” akasema. “Kila saba yangu inalala. Nimekuwa nikiitafuta saba hiyo kwenye kila bunduki iliyoingia karakanani, miaka hamsini. Nilikuwa naomba nisiione.”

Nikamuuliza aligonga ngapi. Akasema hajui. Akasema walikula vizuri miaka ile, na kwamba ghorofa ya pili ya nyumba yao, ile aliyooa ndani yake, ilijengwa wakati huo. Nilimshusha kwake nikaenda kuifungia bunduki karakanani peke yangu.

Wiki mbili baadaye barua ya yule mama ilifika. Alikuwa amefikiri. Lakini alikuwa na ndugu Australia na Afrika Kusini, nao walitaka kila kitu cha baba yao kiuzwe pamoja na kigawanywe. Aliandika kwamba anasikitika, na nadhani alisikitika kweli. Kwa hiyo ikabidi tuandike maelezo ya mnada. Kwa kawaida mzee alinena nami nikapiga chapa, na siku hiyo tulifanya vivyo hivyo: mitutu miwili, Ubelgiji, kitako kimefanyiwa ukarabati, jina la duka, pamoja na risiti halisi na picha. Tuliandika ukweli wa picha: mmiliki, askari wawili, wafungwa kumi na tisa. Mtu wa nyumba ya mnada, kijana mpole mwenye soksi za rangi, akafupisha. Katalogi ilipochapishwa ilisema kwamba picha inamwonyesha mmiliki akiwa na wenyeji.

Siku ya mnada mzee alivaa suti na kilemba cha rangi ya samawati alichokuwa akivaa arusini. Nilidhani anakwenda kutazama tu. Mimi nilikataa kwenda. Jumatatu yake alikuja kazini amechelewa, akatundika koti, akasimama akiwa amenipa mgongo.

“Nilijaribu kuinunua,” akasema. “Kulikuwa na watu wawili wakipandisha bei kwa simu. Nilifika mwisho wangu, wao wakaendelea.”

“Ungeifanyia nini?”

“Picha ningekupa wewe. Bunduki sijui. Labda ningefuta namba.”

Aliyenunua hatukumjua. Nyumba ya mnada haisemi.

Ile picha ya simu nilikuwa nimekaa nayo muda wote huo. Nilisita sana, kisha nikaituma Nyeri kwa binamu yangu, amwonyeshe mama mkubwa, dada ya mama yangu. Ndiye pekee aliyebaki miongoni mwa waliomwona babu akichukuliwa. Alikuwa na miaka tisa. Binamu alinieleza kwamba alimwekea simu karibu na dirisha na kuikuza picha, akimpitishia kichwa kimoja kimoja. Mama mkubwa aliangalia wote kumi na tisa, akarudia tangu mwanzo. Kisha akasema kwa Kikuyu kwamba hawezi kujua, maana wote wameinama, na yeye baba yake alimjua kwa uso. Akauliza kama ipo nyingine ambayo wameinua vichwa.

Nilimwambia mzee, kwa sababu aliuliza. Alikuwa ameshika mafuta na kitambaa. Aliviweka chini akaniomba nimpigie simu mama mkubwa, aongee naye. Nikasema sidhani kama atataka. Lakini alitaka. Tuliongea naye Jumamosi, mchana wa huku. Niliweka simu juu ya meza, na uso wa mama mkubwa ukajaza kioo, kilemba chake cha sufu kimeshuka hadi kwenye nyusi.

Mzee alimwamkia kwa Kikuyu cha dukani, kisha akaendelea kwa Kiswahili. Alijieleza yeye ni nani na baba yake alikuwa nani. Mama mkubwa akasema analikumbuka duka. Walikuwa wakinunua chumvi pale, na sakafu ilikuwa baridi miguuni. Mzee akamwambia kuhusu bunduki na namba. Hakujitetea, wala hakulia. Aliniambia mapema kwamba hatalia, kwa kuwa si haki mtu kama yeye amlilie mama yule.

Mama mkubwa alisikiliza hadi mwisho. Hakumlaani. Aliuliza jambo moja tu, kwa Kiswahili chake cha sokoni.

“Hicho kitabu cha namba kiko wapi? Kama kiliandikwa bunduki na mwenyewe, tungejua nani mwingine alikuwa kituo kile. Huyo tungemuuliza waliweka watu wapi.”

Mzee alisogeza skrubu na brashi pembeni.

“Baba alikichoma,” akasema. “Mwaka wa uhuru, uani. Mimi nilileta mafuta ya taa.”

Nyuma ya mama mkubwa jogoo mmoja akawika.

“Haya,” akasema. Akampa binamu yangu simu, tukaona paa la mabati, kisha vidole, kisha ikakatika.

Baada ya hapo hatukuongea sana. Hatukugombana. Nilikuwa nikimtengenezea chai kama zamani, naye alikuwa akiniuliza habari za wanangu, ambao humjibu mtu Kiingereza hata ukiwasalimu kwa Kiswahili. Lakini hakuwahi tena kunitajia Nyeri, nami sikumuuliza. Mikono ikazidi kutetemeka. Msimu wa baridi ulipofika aliangusha mtutu wa mteja sakafuni ukapata kibonyeo, na jioni hiyo hiyo akawaandikia polisi kwamba anarudisha kibali. Tulitumia mwezi mmoja kurudisha bunduki za watu. Siku ya mwisho alinipa vipimo vyake vya matundu ndani ya kisanduku chao cha mbao. Nilivipokea kwa kuwa sikuweza kukataa, lakini sijui nitavifanyia nini.

Nilirudi hospitalini kusukuma vitanda. Yeye alikwenda kuishi na mwanawe Birmingham, na huko akafa kabla ya mwaka kwisha. Nilikwenda kumsindikiza. Ukumbi ulijaa watu wa kwao Nyeri na Nakuru na Kisumu, wazee wengi, wakisimuliana Kiswahili kwa sauti za chini, na mmoja wao akanieleza, bila kujua mimi ni nani, jinsi duka la baba wa marehemu lilivyokuwa na chumvi nzuri.

Mama mkubwa bado yuko hai. Mwaka uliopita serikali ya kaunti ilipanua barabara karibu na kile kituo cha zamani, na tingatinga likafukua mifupa kwenye ukingo wa mto. Watu walikwenda kuangalia. Binamu yangu alimpeleka mama mkubwa kwa bodaboda, akafika, akakuta mahali pamefunikwa kwa turubai na askari amesimama. Akaambiwa asubiri uchunguzi. Alisubiri hadi saa kumi, ameketi kwenye jiwe, kisha mvua ikaanza wakarudi nyumbani. Hadi leo hakuna aliyemwita.